Mtoto Achezee Nini?

Zikikaribia siku za Noeli na Bonane, soko la Kalemie hujaa vitu vya watoto: magari ya plastiki, wanasesere wenye nywele za manjano, simu za kuchezea ziimbazo, na bunduki. Wazazi hununua upesi, kwani mtoto analia na mfuko hauna mengi. Basi, wazazi wapenzi, twapenda kusema nanyi kidogo juu ya jambo hili, maana wengi hulidhani dogo.

Watazameni watoto wakubwa wa kando ya Lukuga. Hukunja nyaya, hukata magurudumu katika ndala zilizokwisha, huunga mikebe ya sadini mmoja nyuma ya mwenzake, na kumbe ni treni! Reli kati ya Kabalo na ziwa ilikamilika mwaka 1915, na watoto bado wanaijenga kila siku uani. Treni yao ikivunjika, aliyeiunda huiunda tena. Lakini simu iimbayo, je? Mtoto hubonyeza, yaimba. Hubonyeza tena, yaimba wimbo uleule. Siku ya tatu imenyamaza, naye hana la kufanya nayo.

Hatusemi kwamba kila kilichoundwa nyumbani ni chema. Ncha ya waya na ukingo wa mkebe havimfai mtoto wa miaka 2. Mtoto aliye chini ya miaka 3 hutia kila kitu kinywani: shanga, gurudumu dogo, jicho la mwanasesere. La kuogopwa kupita yote ni ile betri ndogo, bapa kama kifungo. Ikikwama kooni yaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu, hata ikiwa imepungua nguvu. Kabla ya kulipa, tazameni kama mfuniko wake umekazwa kwa skrubu. Na mtoto akiimeza, msingojee mpaka kesho. Apelekwe hospitali saa ileile.

Imebaki bunduki. Katika miaka ya 2016 na 2017 mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwatoa watu wengi vijijini mwao, nao wakajenga vibanda kandokando ya mji wetu. Watoto wachanga wa siku zile sasa wamo shuleni pamoja na wetu. Baba atasema, «Ni plastiki tu.» Lakini mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni haoni plastiki, wala askari wa doria gizani haoni plastiki. Tena mtoto aliyezoea kufurahia silaha atasita vipi siku atakapokuta risasi au bomu lililosahauliwa porini? Sisi twasema wazi: isinunuliwe.

Afadhali mpira. Mpira mmoja huwaita watoto kumi, nao hujifunza wenyewe kungoja zamu na kugombana bila kuumizana.

Asiye na fedha naye asihuzunike. Gunzi la mahindi likivikwa kipande cha kitenge kilichobaki kwa mshonaji, ni mwanasesere kamili. Msichana atamlisha, atamwimbia, atamfunga mgongoni. Na kaka yake akitaka kumbeba pia, mwacheni ambebe.