Mwaridi Usiozaa

Kazi ya bustani niliianza Bukavu mwaka 1968. Nyumba kadhaa za mtaa wa Muhumba zilikuwa bado na matundu ya risasi, kwani mamluki walioongozwa na Schramme walikuwa wameukalia mji tangu Agosti hadi Novemba mwaka uliotangulia. Patroni wangu, Mbelgiji, alitaka miwaridi yake ishughulikiwe kwanza, paa lisubiri.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja wa Kabare. Mwaridi aliouenzi ulikuwa La France, wenye ua kubwa la pinki lenye weupe wa fedha. Guillot wa Lyon aliutoa mwaka 1867, na wengi huuhesabu kuwa wa kwanza katika ukoo wa mawaridi ya kisasa. (Mbelgiji kapanda Ufaransa katika ardhi ya Kongo! Kichekesho hicho nilikielewa miaka mingi baadaye.) Mbegu zake si za kutegemea, kwa hiyo huendelezwa kwa kubebeshwa. Mzee alichana gome la mwaridi mwitu mkato wa T, akabandua jicho la La France na kipande cha gome lake, akalichomeka upesi kabla halijakauka, akafunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli.

“Usiliguse kwa kidole, kijana. Jasho lako ni chumvi.”

Kwetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, hakuna baridi ya kuulaza mwaridi. Usipoulaza wewe, huchanua ovyo mpaka ukachoka. Tuliunyima maji kiangazi, tukaupogoa mwezi wa nane, mvua za Septemba zikute macho yameamka. Mvua hizo hizo ndizo huleta madoa meusi, kwa hiyo kila jani lililoanguka tuliliokota tukalichoma.

Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zipewe Wazaire, kama tulivyoitwa Wakongo wakati huo. Mwenye nyumba mpya akatazama bustani, akauliza: “Hii inaliwa?” Tukang’oa, tukapanda sombe na lenga-lenga. Simlaumu sana, alikuwa na watoto wengi. Mzee alibeba matawi machache hadi Kadutu, yamefungwa kwa kitambaa chenye maji.

Siku hizi nauza miche ya La France kwenye makopo ya maziwa, kando ya barabara Nyawera. Viwanja vya Muhumba vimegawanywa, nyumba zimemeza bustani. Maharusi huuliza kama ua litadumu. Yanayodumu ni mawaridi ya Naivasha, Kenya: yamechaguliwa yavumilie safari ya Ulaya, na mengi yamelipia uvumilivu huo kwa harufu. La France huinamisha shingo, na halikai sana kwenye maji, siwafichi. Nawaambia waje asubuhi, jua halijawa kali, wanuse kwanza, ndipo tuongee bei.