Rafu Haitaki Haraka

Mzazi mwenzangu, hebu tazama vitabu vya watoto wako vimelala wapi. Kwangu hapa Nakuru vilikaa katika katoni chini ya kitanda, kwa kuwa kabati tulilonunua kando ya barabara lilipigwa misumari mitupu, na rafu zikaanguka moja baada ya nyingine.

Kijana wangu alipopata matokeo ya Kidato cha Nne, hayakumfurahisha. Akanyamaza nyumba nzima. Nikamwambia twende Elburgon tukanunue mbao za saiprasi, tuunde kabati letu wenyewe.

Mbao si za kuchezea, msomaji. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake Februari 2018, ziliadimika, na ni Julai 2023 ndipo Rais Ruto alipotangaza huko Molo kuiondoa. Ukiharibu ubao, umetupa pesa.

Kwanza, zikaushe. Zipange kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite. Ubao mbichi husinyaa. Ukiuchongea mfereji leo, kesho utacheza ndani yake.

Pili, laza mbao mbili za kando bega kwa bega, miisho ikiwa sawa, kisha pitisha mstari mmoja juu ya zote kwa skwea. Hapo rafu haitainama upande.

Tatu, usipime unene wa rafu kwa tepu. Simamisha rafu yenyewe kwenye mstari, uchore upande wake wa pili kwa ncha ya kisu. Kata kwa msumeno ndani ya mistari hiyo, kina kisizidi theluthi ya unene wa ubao. Toa mbao za katikati kwa patasi, ukianzia kingo zote mbili kuelekea ndani, ukingo usije ukapasuka. Rafu ikikataa kuingia, piga randa rafu kidogo. Mfereji usiuguse, kwa maana ukishapanuka haurudi.

Tulipofika mfereji wa tatu, kijana alinishika mkono. "Baba, ngoja. Hapa pamepinda." Akafuta mstari, akachukua skwea, akachora upya. Rafu ikaingia kwa kugongwa kidogo tu na kiganja.

Tangu siku hiyo tunaongea. Mtoto aliyeambiwa na karatasi kwamba hakufaulu anahitaji kazi ambayo macho yake mwenyewe yatamwambia imekaa sawa. Kama unaye wa aina hiyo, mpunguzie mawaidha, umtafutie ubao na patasi.