Moto Ule Ulikuwa Wetu

Kiangazi kimefika tena. Nyasi zimekauka, usiku tunaona vilima vikiwaka, na kila nyumba inatayarisha shamba kabla ya mvua. Kabla hamjawasha kiberiti, sisi wa kikundi cha shamba tunataka kuwaambia jambo ambalo tulilificha.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, tulikuwa wamama kumi na wawili. Tulikuwa tumekata matawi na nyasi kwenye kipande chetu kando ya miombo, huku kwetu Katanga, tukaviacha vikauke. Siku ya kuchoma tulichelewa, tukafika jua likiwa utosini. Mmoja wetu alisema, "Upepo huu si mzuri, tungoje jioni." Tukamjibu kwamba watoto wanangoja bukari nyumbani. Tukawasha.

Moto uliruka njia, ukaingia kwenye nyasi ndefu. Tuliupiga kwa matawi mabichi, lakini tulikuwa na bidoni mbili tu za maji, zikaisha mara moja. Kikwembe cha mwenzetu kilishika moto, akaungua mguu, na hatukubaki hata na maji ya kumwagia. Jua lilipozama, ghala la mahindi la mama mjane wa upande wa pili lilikuwa majivu, pamoja na mizinga ya nyuki aliyoachiwa na mume wake.

Watu walipouliza, walitajwa vijana wanaowinda panya, kwa maana wao huwasha nyasi kila mwaka. Sisi tulinyamaza. Siku ya nne, yule mama mjane alisikia kwamba mwenzetu ameungua, akamletea sombe. Hakujua moto ulitoka wapi. Hatukuweza kula.

Kesho yake tulikwenda kwake wote, kisha kwa chefu wa kijiji, kisha kwa wale vijana. Kila mmoja alitoa beseni la mahindi. Mizinga hatujaweza kuilipa. Mvua ilipokuja, tulikwenda kutafuta uyoga mahali pale, tukarudi na vikapu vitupu. Mwezi wa tisa miti ya miombo inatoa majani mapya, yale ambayo viwavi tunaokula wanayategemea. Moto wa wakati huo ni mkali kuliko ule wa mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu kidogo.

Sasa tunafanya hivi. Tunalima ukanda mtupu kuzunguka shamba lote, hatua kumi kwa upana, tunafagia hata majani makavu. Tunaambia majirani siku moja mbele. Tunangoja jioni, upepo ukitulia. Usipotulia, tunarudi nyumbani. Tunawasha kwanza upande ule ambako upepo unaelekea, ili moto uende polepole. Watoto wanabaki nyumbani. Hatuvai nailoni, na kikwembe tunakifunga vizuri kisiburute. Kila mama anakuja na bidoni yake imejaa. Hakuna anayeondoka mpaka majivu yapoe, na asubuhi wawili wanarudi kuangalia visiki, kwa maana kisiki kinaweza kuficha moto usiku kucha. Wanaochoma makala nao wasiache tanuru bila mtu.

Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, kisha mpelekeni kwa muuguzi. Msipake mafuta wala dawa ya meno. Sisi tulipaka, na kidonda kilichelewa kupona.

Tutachoma tena mwaka huu, kwa sababu bila shamba hatuli. Yule mama mjane ameomba kipande pamoja nasi, tumempa. Na kiberiti anakishika yule aliyesema tungoje jioni. Bila neno lake, hakuna anayewasha.