Haijavunjwa, haivunjiki

Mabishano yalianza kwenye malewa ya karibu na kitivo, siku ambayo somo la mchana halikufanyika. Tulikuwa watu watano mbele ya sahani za pondu na samaki. Mmoja akauliza: kati ya rekodi zote za michezo, ni ipi iliyo ngumu kuvunjwa kuliko zote? Nilijibu kabla hajafunga mdomo. Mabao 9 ya Ndaye Mulamba.

Hapa Kisangani jibu hilo halihitaji maelezo, lakini niliyatoa. Mwaka 1974, katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Misri, Ndaye alifunga mabao 9 katika mashindano mamoja. Kabla yake Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire alikuwa amefikisha 8 mwaka 1970. Katika nusu fainali Ndaye aliwafunga wenyeji mabao 2. Fainali dhidi ya Zambia ikaisha 2 kwa 2, na yote mawili ya Zaire yakawa yake. Siku hizo sare ya fainali ilimaanisha kurudia mechi, basi wakarudiana baada ya siku mbili, Zaire ikashinda 2 kwa 0, na mabao yote mawili yakawa yake tena. Zaidi ya miaka 50 imepita. Nikamaliza kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala: «Rekodi hiyo haivunjiki.»

Tulikuwa tunabishana kwa Kilingala, kama ilivyo kawaida mjini hapa mpira unapoingia kwenye mazungumzo. Neno hilo la mwisho nililisema kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho tunachokisoma, na nilitaka liwe zito.

Mwenzetu mmoja, aliyekulia Kampala, alitikisa kichwa. Shuleni kwao walicheza kriketi, na yeye ana ugonjwa wa hesabu za mchezo huo. «Ndugu, umewahi kumsikia Bradman?» Hatukuwahi. Akatueleza taratibu, akitumia vijiko viwili kama nguzo. Katika kriketi mpigaji hukusanya mikimbio mpaka atolewe. Ukigawanya mikimbio yake yote kwa mara alizotolewa, unapata wastani wake. Katika mechi za kimataifa za siku kadhaa, mpigaji mwenye wastani wa 50 huhesabiwa kuwa bora. Donald Bradman wa Australia alistaafu mwaka 1948 akiwa na 99.94. Katika mechi yake ya mwisho, London, alihitaji mikimbio 4 tu ili wastani wake ufike 100 kamili. Akatolewa bila kupata hata mmoja. Wote waliomfuata, wale waliocheza kwa muda wa kutosha, wanaishia karibu na 60.

Nilisema kwamba miaka mingi si hoja, rekodi zote za zamani huonekana ngumu. Akakubali haraka mno, nikajua nimeingia mtegoni. «Ndiyo hasa,» akasema. «Nikupe ya Nairobi.» Oktoba 1996, katika mechi ya siku moja dhidi ya Sri Lanka, kijana wa Pakistani, Shahid Afridi, alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 tu. Watu walisema haitavunjwa. Ilikaa zaidi ya miaka 17. Januari 2014 mchezaji wa New Zealand akaivunja kwa tofauti ya mpira mmoja. Mwaka mmoja baadaye AB de Villiers wa Afrika Kusini akafikisha 100 kwa mipira 31. «Usihesabu miaka,» akanieleza. «Hesabu pengo. Aliyekaribia zaidi alifika wapi?»

Swali hilo lilinipata mahali pabaya, kwa sababu jibu nalijua. Aliyemkaribia Ndaye zaidi alifikisha 8. Vincent Aboubakar, mwaka 2022, nyumbani kwao Kameruni. Ndaye alicheza mechi 6, ikiwemo ile ya marudio ya fainali. Leo timu inayofika nusu fainali hucheza mechi 7. Yaani mshambuliaji wa leo amepewa hata nafasi moja zaidi. Nilikaa kimya nikachambua samaki.

Usiku huo nilifanya kile ambacho mwanafunzi wa isimu hufanya akishindwa: nililigeukia neno. Nilikuwa nimesema «haivunjiki». Hiyo ni kauli ya kutendeka. Kiambishi -ik- kinaweka sifa ndani ya kitu chenyewe, kama tunavyosema mti huu haupandiki au maji haya hayanyweki. Mtenda hayupo, wala hatafutwi. Lakini ushahidi niliokuwa nao uliruhusu neno jingine tu: «haijavunjwa». Hapo -w- inaacha mlango wazi kwa mtenda, unaweza kuuliza «na nani?», na -ja- inasema kwamba jambo halijatokea mpaka sasa, bila kuapa juu ya kesho. Ya Bradman, kwa kipimo cha pengo, iko karibu na haivunjiki. Ya Ndaye ni haijavunjwa. Kati ya maneno hayo mawili mimi nilikuwa nimeruka, na sikuruka kwa kukosa sarufi.

Niliruka kwa sababu ya ule mwezi wa Februari 2022. Timu yetu haikuwepo hata kwenye mashindano. Nilikuwa sebuleni na wadogo zangu tukitazama mechi ya kutafuta mshindi wa tatu, Kameruni dhidi ya Burkina Faso. Aboubakar alikuwa na 6. Kameruni walikuwa nyuma 3 kwa 0, wakaanza kurudi, na katika dakika za mwisho Aboubakar akafunga mawili, moja nyuma ya jingine. Mtu yeyote anayependa mpira angesimama. Mimi nilikaa nikiomba refa apulize filimbi. Sikuwa nashangilia timu yoyote. Nilikuwa nashangilia mtu ashindwe. Filimbi ilipolia, mabao yakiwa 3 kwa 3, nilishusha pumzi kana kwamba tumeshinda kitu. Hatujatwaa kombe hilo tangu 1974. Tulichobaki nacho ni nambari, na kuilinda hakuhitaji mazoezi wala uwanja. Kunahitaji tu wengine wakose.

Siku chache baada ya mabishano nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja wa Mangobo, mzee aliyezoea redio kabla ya kuzoea simu. Mwaka 1974 alikuwa na miaka 12, akaisikiliza fainali dirishani kwa jirani. Nilimsimulia ubishi wetu, nikitegemea aniunge mkono.

«Papa, wewe unasemaje, itavunjwa?»

Hakuinua macho. «Mwanangu, mwaka 1998 tulimlilia Ndaye akiwa hai.»

Nilikuwa nimewahi kusoma habari hiyo, ila sikuwahi kuisikia kwa mtu aliyelia. Uvumi ulienea kwamba Ndaye amekufa, na katika Kombe la Afrika la mwaka huo, Burkina Faso, watu walisimama dakika moja kumkumbuka. Hakuwa amekufa. Miaka michache kabla ya hapo majambazi walikuwa wamempiga risasi mguuni, akaenda kuishi Afrika Kusini kama mkimbizi. Mfungaji wa mabao 9 alilinda magari ya watu Cape Town, akisubiri sarafu. Alifariki Johannesburg, Januari 2019.

«Mabao yake hayakupotea hata moja,» mzee akasema. «Mtu mwenyewe alitupotea.» Kisha akanirudishia simu, akanitajia bei.

Nikiwa juu ya pikipiki kurudi kitivoni nilikumbuka jambo jingine la usiku ule wa Februari, ambalo sikuwa nimelipa uzito. Aboubakar alipofunga la 8, mtangazaji alilitaja jina la Ndaye Mulamba. Mdogo wangu wa miaka 10 akauliza: «Huyo ni nani?» Nikamwambia anyamaze, tutazame mpira. Wala mimi nisingemjua Pokou kama Ndaye asingempita.

Niliporudi kwa wenzangu nilisahihisha kauli yangu mbele ya wote. Nilisema: haijavunjwa. Yule wa Kampala alicheka, akataka kujua kama nitafurahi siku itakapovunjwa. Nilimjibu kwamba nitaumia. Ila siku hiyo mdogo wangu akiuliza tena swali lake, nitazima sauti ya televisheni nimjibu, nikianzia Kananga alikozaliwa Ndaye, na sitaishia kwenye mabao.