Volti Sita za Babu

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Babu yangu hakubaliani nao hata kidogo. Yeye ana kinasasauti, au rikoda kama tunavyosema nyumbani, aina ya Sony, cheusi, chenye mkono wa kubebea na vitufe vikubwa kama meno ya farasi. Alikinunua mwaka 1988 alipokuwa karani hapa Nairobi. Alipohamia kwetu Kayole kutoka Machakos mwaka jana, alikuja na sanduku moja la nguo na hicho kinasasauti amekifunga kwa shuka.

Ndani yake mlikuwa na kanda moja ya dakika 60, imeandikwa kwa kalamu "Nyumbani 1991". Ni sauti ya nyanya. Nyanya aliaga dunia kabla mimi sijazaliwa, nami ndimi niliyepewa jina lake, ndiyo maana babu huniita "bibi yangu" mbele ya watu na kunitia haya. Sikuwahi kumsikia. Nyumbani mwetu walioijua sauti yake ni babu na baba tu, na baba anasema yeye keshaanza kuisahau.

Utauliza, mbona tusitie mawe tukasikiliza? Kinatumia mawe manne ya wastani, si yale madogo ya rimoti wala yale makubwa ya tochi, na maduka ya mtaani kwetu hayaweki hayo. Isitoshe, mawe ya zamani yalisahaulika ndani yakavuja, na springi zote zimeliwa na kutu ya kijani. Harufu yake sisemi. Jirani alijitolea kutuazima redio yake ya kaseti. Babu akamwuliza kwa upole, "Si hiyo ndiyo ilitafuna kanda ya kwaya?" Maneno yakaishia hapo.

Likabaki tundu dogo la ubavuni, la stima. Adapta yake ilipotea zamani. Juu ya tundu pameandikwa DC 6V, na kando yake pana mchoro: kitone ndani ya nusu duara, huku alama ya kutoa, huku alama ya kujumlisha. Volti sita nilizielewa upesi, kwa sababu jiwe moja ni volti 1.5, mara nne. Mchoro ndio ulionishinda, mpaka nikamnakilia mwalimu wetu wa fizikia. Akanionyesha kwamba alama ya kutoa imeungwa na kitone cha katikati, yaani hasi iko ndani na chanya iko nje. Adapta nyingi za siku hizi ni kinyume, chanya ndani. "Ukichomeka tu kwa sababu imeingia," akasema, "unaweza kuichoma."

Jumamosi mimi na binamu yangu tukapanda matatu hadi mjini, tukashika njia ya Luthuli Avenue. Barabara hiyo ina jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1960, lakini siku hiyo amani sikuiona. Spika zilikuwa zikinguruma kila mlango na kila mtu anatuita "kastoma". Muuzaji wa kwanza alitoa adapta ya ruta ya volti 12. Nikamwambia hiyo ni mara mbili ya ninayotaka. "Basi si itacheza haraka!" akasema. Tukatoka.

Wa pili alikuwa na adapta nzito kama tofali, ya kuchagua kuanzia volti 3 hadi 12. Tulipoiweka kwenye 6 na kuipima kwa mita, ilisoma 9 na ushei. Lahaula! Nilidhani mita ni mbovu.

Jibu nililipata kwa fundi mmoja mzee, ambaye karakana yake ni kijichumba kama kabati chini ya ngazi. Yeye hakuniuzia kitu kwanza, aliniuliza, "Umekuja na mashine yenyewe?" Nilikuwa nayo. Akaigeuza taratibu kama daktari na mtoto. "Sikiza msichana. Hiyo ya kwanza ya tofali ina transfoma inashusha 240 ya ukutani, halafu dayodi na kapasita, basi. Haina wa kuichunga. Bila mzigo inapanda, na hii motor yako inakula kidogo, haiwezi kuishusha hadi sita."

Akachukua adapta kuukuu ya volti 9, akaikata waya, akalehemu katikati kidude cheusi chenye miguu mitatu kilichoandikwa 7806. Akanifundisha kukisoma: 78 ni ukoo, na 06 ndizo volti zinazotoka. Ndugu yake 7805 hutoa 5, na 7812 hutoa 12. Akakifunga kibati cha kupooza joto, kisha akaziunga waya za kichomeo akiziweka kinyume, hasi ndani. Mita ikasoma 6.02, na alipogusisha ncha nyekundu katikati, alama ya kutoa ikajitokeza mbele ya tarakimu. Akatabasamu. Shilingi 400, mkanda wa mpira ukiwa ndani ya bei hiyo.

Nyumbani hatukuanza na kanda ya nyanya. Babu alitaka kwanza ile ya kwaya iliyotafunwa, izunguke upande mzima, naye amekaa mbele yake akinusa kama kuna kitu kinaungua. Dakika 30 hizo zilikuwa ndefu kuliko mtihani wa hesabu. Kisha akaingiza yake kwa mkono wake mwenyewe.

Kukawa na mvumo, jogoo, mlango. Halafu mwanamke akasema kwa Kikamba, kwa sauti nyembamba na ya haraka kuliko nilivyowazia, "Zima hiyo kitu, unamaliza mawe!"

Baba aliangalia dirishani. Babu akajibu kana kwamba ameulizwa sasa hivi: "Siku hizi iko kwa stima."

Upande wa pili hatujausikiliza. Babu amesema usubiri likizo ya Agosti, shangazi atakapokuja kutoka Kitui.