Taa ya Buluu na Mwenye Kuitika



Mwaka jana, siku chache kabla hatujafunga safari ya kwenda Marekani, ndugu yetu wa kike alitualika chakula cha usiku nyumbani kwake Kibokoni, hapa Mombasa. Tulipokwisha kunawa na kahawa ikaletwa, alitutuma jambo moja. Hakutuagiza kitambaa wala dawa. "Kaka," alisema, "binti yangu hunipigia simu kila siku na kuniambia yu mzima. Lakini maneno ya simu ni maneno ya simu. Wewe unakwenda kwa macho yako. Nitazamie akitoka maktaba usiku, njiani yuko na nani."

Wasomaji wetu wajue kwamba swali hilo lilituelekea sisi hasa. Baba wa mtoto huyu amekwisha kutangulia mbele ya haki, na alipopata nafasi ya kusoma ng'ambo jamaa waligawanyika. Wako waliosema msichana haachiwi kwenda mbali hivyo. Sisi ndio tuliosema aende akasome. Neno letu lilifungua mlango, na kwa hivyo tulibeba amana mbili: ya mama aliyetutuma, na ya neno tulilolisema.

Tulialikwa na jamaa wa Kiislamu katika mji mmoja wa jimbo la Pennsylvania tuwasomeshe darsa kwa wiki mbili, na chuo cha mpwa wetu hakikuwa mbali. Hatutakitaja jina. Ilikuwa mwezi wa Novemba, wakati ambapo magharibi ya huko huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtu akitoka darasa lake la mwisho giza limekwisha kutanda zamani. Jioni ya kwanza tulimngojea nje ya maktaba. Alitoka saa tatu za usiku, akatubusu mkono, tukaanza kutembea pamoja kuelekea bwenini kwake.

Njia ilipita kandokando ya uwanja mkubwa wa kuegesha magari. Magari yalikuwa machache, na upepo ulikuwa baridi ya kuingia mifupani. Hapo tuliona taa ya buluu juu ya nguzo ndefu, imewaka peke yake. Mara ya kwanza tulidhani ni kituo cha polisi. Tulipokaribia tukaona hakuna nyumba wala mtu, ni nguzo tu ya chuma, mrefu kuliko sisi, ina kitufe chekundu na matundu madogo ya kupitisha sauti. Mbele kidogo, penye kona ya jengo, ilionekana taa ya pili, na nyuma yake ya tatu.

"Hii, Mjomba, ni simu ya dharura," mpwa wetu alitueleza. "Haina namba ya kupiga wala mkono wa kushika. Unabonyeza tu."

Tulimwomba atufafanulie, naye akafanya hivyo kwa subira. Kitufe kikibonyezwa, mwito huenda moja kwa moja kwa askari wa zamu wa chuo, na papo hapo yeye huona kwenye mtambo wake ni nguzo ipi iliyoita. Kwa hivyo hata aliyeshikwa na hofu akashindwa kusema, mahali alipo hujulikana. Taa ya juu huanza kumwekamweka, ili wapitao watambue kwamba pana mtu ana haja, na mwenye nia mbaya atambue kwamba ameonekana. Kitufe kimewekwa chini kiasi cha kufikiwa na aliye kwenye kiti cha magurudumu, na kando yake pana maandishi ya nukta kwa wasioona. Nguzo hupangwa, inapowezekana, ili aliyesimama kwenye moja aione nyingine. Na wanafunzi hufundishwa kwamba anayefukuzwa asisimame: abonyeze na akimbie, kisha abonyeze ya pili na ya tatu, na askari wataifuata njia yake kwa zile taa.

Tulisimama pale tukaitazama nguzo ile kwa muda. Tulimwuliza kama zinatumiwa sana. Akasema si sana. Wanafunzi wengi wana simu za mkononi, na baadhi ya miito ni ya watoto wa watu waliobonyeza kwa mzaha. Viko vyuo ambavyo vimekwisha kuziondoa kwa sababu hiyo, na viko vilivyoziacha vikisema kwamba simu ya mkononi huzimika na hupotea, ilhali nguzo haihami. Hakusema zaidi, nasi tulidhani amemaliza.

Usiku ule tuliweza kumwandikia dada yetu kwamba njia ina taa. Lakini jibu hilo halikututosha wenyewe, na asubuhi tulimwuliza mpwa wetu mambo haya yalianza vipi. Akasema kwamba wanafunzi wapya hufundishwa habari ya sheria yenye jina la msichana mmoja, na kwamba chuo alichokisomea msichana huyo kiko katika mji wa Bethlehem, mwendo wa saa moja tu kwa basi. Tukasema: twende.

Bethlehem ya Pennsylvania iliasisiwa mwaka 1741 na Wakristo wa madhehebu ya Moravia, wakaiita kwa jina la mji aliozaliwa Nabii Isa, alayhi salaam. Baadaye ikawa mji wa chuma. Ukiingia unayaona matanuri makubwa ya kiwanda cha Bethlehem Steel, yamesimama kimya yameshika kutu, kwani chuma hakiyeyushwi tena hapo tangu mwaka 1995. Juu ya matanuri hayo, kwenye mteremko wa mlima, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Lehigh. Majengo yake ni ya mawe, miti imeyafunika, na siku ile majani ya mwisho yalikuwa yakianguka. Ni mahali pa utulivu. Mzazi yeyote angepaona akasema: hapa mwanangu yu salama.

Mzee Howard Clery na mkewe Connie walimpeleka binti yao Jeanne asome hapo. Tarehe 5 Aprili 1986, Jeanne akiwa na umri wa miaka 19, katika mwaka wake wa kwanza, aliuawa baada ya kudhulumiwa vibaya. Hakuuawa uwanjani wala njiani. Aliuawa chumbani mwake, kitandani, alfajiri. Na muuaji hakuwa mtu wa kutoka mitaani. Alikuwa mwanafunzi mwenziwe wa chuo kilekile, ambaye Jeanne hakumjua. Milango ya bweni ilikuwa ni ya kujifunga yenyewe, lakini usiku ule ilikuwa imewekewa vizuizi isifungike, ili wenyeji waingie na kutoka bila ya taabu.

Wazazi wale hawakukaa na msiba wao ndani. Waliona kwamba wangepaswa kuambiwa ni uhalifu gani ulikuwa ukitokea chuoni kabla ya kumpeleka binti yao. Walishtaki, wakazunguka, wakasema mbele ya watunga sheria, hata mwaka 1990 Marekani ikapitisha sheria ya nchi nzima, ambayo tangu 1998 inaitwa kwa jina la Jeanne Clery. Kila chuo kinachopokea fedha za serikali za misaada ya wanafunzi sharti kichapishe kila mwaka hesabu ya uhalifu uliotokea katika miaka mitatu iliyopita, kiweke daftari la kila siku iwapo kina askari wake, na kiwaonye wanafunzi kwa wakati pakiwa na hatari. Katika miaka hiyohiyo taa za buluu nazo zilienea vyuoni.

Tulikaa kwenye benchi tukalitafakari jambo hili. Nguzo mia zingewekwa katika viwanja vyote vya magari pale, zisingemfaa Jeanne, kwa kuwa shari iliingia kwa mlango ulioachwa wazi na watu wa ndani. Na sheria ya wazazi wake, ukiitazama vizuri, haikuamrisha nguzo. Iliamrisha kusema. Chuo kisifiche kwa kuogopa aibu. Waliotunga msemo wa mficha maradhi kifo humuumbua hawakupata kuiona Bethlehem hii, lakini walikijua kisa chake.

Jioni, ndani ya basi la kurudi, mpwa wetu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Mjomba, ile nguzo ya karibu na maktaba, mimi nimepata kuibonyeza."

Hatukujibu, naye akaendelea. Ilikuwa mwaka wake wa kwanza, saa nne za usiku. Mtu mmoja alimfuata kutoka upande wa maktaba. Alipoharakisha, yule mtu aliharakisha. Simu yake ya mkononi ilikuwa imezimika. Akaiendea taa, akabonyeza. Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye matundu ikamwambia: nimekuona ulipo, usiondoke, mwenzangu yuaja, zungumza nami. Yule mtu aligeuka akapotea baina ya magari. Haukupita muda akafika askari wa kike, akamsindikiza hadi mlangoni, akangoja mpaka mlango umefungwa.

"Hawakukuuliza ulikuwa ukifanya nini nje?" tulisema.

"Waliniuliza kama nimeumia, na kama ninaye mtu wa kulala naye usiku ule."

Asubuhi yake alimpigia mama yake kama ada, wakazungumza habari za harusi ya jirani. Hakumwambia. Tulipomwuliza kwa nini, alitazama dirishani. "Mama angeniuliza nilikuwa wapi saa nne za usiku. Nawe ungesema nirudi nyumbani." Kisha, kwa adabu zake zote, akaongeza neno ambalo hatujalisahau: "Mjomba, nimekusikiliza msikitini tangu mdogo. Ukitaja msichana aliyepatwa na jambo, huanza kwa kusema, alikuwa wapi?"

Ndugu wasomaji, tulitafuta jibu na hatukulipata, kwa sababu ni kweli. Tumesomesha zaidi ya miaka ishirini, na mara ngapi tumelianza somo kwa swali hilo! Tulidhani tunawahifadhi mabinti zetu. Kumbe tulikuwa tukiwafundisha kunyamaza. Mtoto wetu alikuwa katika hatari, na aliyeijua hofu yake ni mwanamke asiyemjua, aliyekaa mbele ya mtambo mahali fulani, ilhali mama aliyemzaa na mjomba aliyemruhusu hawakujua lolote kwa mwaka mzima.

Hatusemi kwamba tumeacha kufunza stara na hadhari. Hayo ni mafunzo yetu na tutayafunza. Lakini kila jambo lina wakati wake. Mtu akitumbukia kisimani, hutupiwa kamba kwanza. Habari za nani alimwambia apite karibu na kisima husemwa akiwa juu, amekauka, amekunywa chai, na pengine hapo hakuna haja ya kuzisema. Nguzo ya chuma si kitu, ni chuma na waya. Faida yake yote iko kwa mtu aliye mwisho wa waya, anayeitika kabla ya kuhukumu. Na sisi wazazi, wajomba, mashangazi na walimu, ndio tulio mwisho wa waya wa watoto wetu.

Tulimwomba mpwa wetu ruhusa ya kumweleza mama yake, maana siri ni amana. Alifikiri, akasema: "Mwambie, lakini akae nawe kwanza, asinipigie na hasira."

Tuliporejea Mombasa tulikwenda Kibokoni kabla hatujafungua mizigo. Tulimweleza dada yetu kila kitu, hata lile neno juu yetu. Alisikiliza mikono imefumbata leso. Tulipomaliza, alifungua kinywa akasema, "Sasa alikuwa w..." akajizuia. Tulimwona akilimeza swali kama mtu amezaye mwiba wa samaki. Akalia kidogo. Kisha akachukua simu, akapiga, na binti alipoitika alimwambia: "Mwanangu, umekula?" Walizungumza mpaka adhana ya isha. Sisi tulitoka ukumbini tukawaachia nafasi.

Kabla ya kuweka kalamu chini, tunawausia wasomaji mambo machache. Anayempeleka mwana chuoni, hapa au ng'ambo, asiulize ada na chakula tu. Aulize ni nani anayeitika usiku, milango hufungwa na nani, na mwenye shida hupokewa vipi. Hapa Kenya pana namba za bure ambazo kila binti na kila mvulana azijue kwa moyo: 999 au 112 kwa polisi, 1195 kwa aliyefanyiwa ukatili wa kijinsia, na 116 kwa watoto. Na usiku huu, kabla ya kulala, kila mzazi amwambie mwanawe kwa maneno ya wazi: ukifikwa na jambo, saa yoyote, mahali popote, nipigie. Nitakuja kwanza. Maswali baadaye.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, amrehemu baba wa mpwa wetu, na atusamehe sisi kwa yale tuliyoyasema bila ya kufikiri yatamfikia nani. Amin.