Siku Moja Rubondo

Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1950 hatukufundishwa kupumzika. Tukiwa shule ya msingi, wito wa nchi ulikuwa Uhuru na Kazi. Na nilipoingia Chuo cha Ualimu Butimba nilikuta jembe linanisubiri pamoja na chaki. Mtu aliyekaa bure mchana aliitwa kupe. Basi mwanangu aliposema atatulipia, mimi na rafiki yangu, siku moja ya mapumziko katika kisiwa cha Rubondo, nilimwuliza tutakwenda kufanya kazi gani huko.

"Kukaa tu, baba," akanijibu.

Ndugu msomaji, mkazi wa Buseresere anajua uzito wa neno hilo. Kwetu makarasha yanasaga mawe ya dhahabu tangu alfajiri, pikipiki hazilali, na maduka yetu yameshikana na ya Katoro hata mgeni hajui yuko wapi. Tulipita Chato hadi Muganza, tukapanda boti mwaloni Kasenda. Mlio wa injini ulipozimika upande wa pili, masikio yangu yaliuma kwa ukimya.

Rafiki yangu ni mvuvi mstaafu, kama mvuvi hustaafu. Alizaliwa kisiwani humo. Rubondo ilipofanywa pori la akiba mwaka 1965, wavuvi Wazinza waliokuwa wakiishi pale walihamishiwa nchi kavu na visiwa vya jirani. Mwaka 1977 ikawa Hifadhi ya Taifa. Katikati ya miaka hiyo, kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani alisimamia kuletwa kwa sokwe wapatao 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Walikuwa wamezoea vizimba na kulishwa kwa mkono. Wakafunguliwa msituni, wakajifunza kujitafutia, wakazaa, na uzao wao uko humo hadi leo. Tembo na twiga nao waliletwa. Wenyeji wa asili ni nzohe, kiboko, mamba na fisi maji.

"Tulipishana nao ziwani, Mwalimu," rafiki yangu alisema. "Sisi tulitoka kwa mtumbwi, wao wakaingia kwa meli."

Alisema hivyo akicheka, nami sikujua nicheke au ninyamaze.

Sokwe hatukuwaona, tulisikia kelele zao mbali, basi. Sikujali. Tulitandika mkeka chini ya mti mkubwa karibu na maji, tukala wali na maharage tuliyofungashiwa nyumbani. Furukombe alilia juu yetu, kisha akashuka na kunyakua samaki. Rafiki yangu alimtazama kwa wivu wa fundi aliyenyang'anywa vifaa, kwani uvuvi wa kawaida ni marufuku humo. Mimi nauunga mkono mwiko huo. Samaki huzaliana katika maji yale yaliyotulia, na wanaotoka nje ya mpaka ndio wanaoingia katika nyavu za watu wetu. Lakini ni rahisi kwangu kusema hivyo, mtu ambaye kitovu chake hakikuzikwa hapo.

Nilidhani atataka kuzunguka kutafuta kiwanja cha baba yake. Hakutaka. Alielekeza kidole upande mmoja wa ufuko, akasema mama yake alikuwa akianika dagaa kule. Kisha akajilaza, akafunika uso kwa kofia, akalala usingizi mzito kwa saa mbili nzima. Tangu mkewe afariki alikuwa akinilalamikia kwamba usiku hapati hata lepe. Nilikaa nikimfukuzia nzi, bila gazeti, bila redio, bila daftari la kusahihisha, na kwa mara ya kwanza sikuona haya.

Jioni askari wa hifadhi, kijana mpole wa umri wa mjukuu wangu, alikuja kutuita. "Wazee wangu, boti iko tayari." Rafiki yangu aliinama akaokota kijiwe cheupe, akamwuliza kama anaweza kuondoka nacho. Kijana alitazama chini, akasema sheria hairuhusu kutoa kitu chochote hifadhini, hata jiwe.

"Sawa, mjukuu wangu," mzee akamjibu. Akakirudisha pale pale alipokitoa, akakipapasa kidogo ili kikae vizuri, akapanda boti.

Njiani aliniomba chupa ya maji, akanywa, akaniuliza nauli ya kurudi tena ni kiasi gani.